Vita vya haki ni vita gani? Neno moja linalotupoteza njia

Alhamisi jioni shirika letu la Kadutu lilikuwa zamu ya nyumba ya mama mmoja anayeuza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa. Kwa wasomaji wa mbali: shirika ndilo jina ambalo sisi watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunaita jumuiya ndogo ya Kikristo, majirani wachache wanaokutana kila juma kusoma Injili. Umeme ulikuwa umekatika. Tulisoma Mathayo 5 kwa taa ya simu, pale Yesu anapoongea juu ya jicho kwa jicho na shavu la pili. Kabla mzee anayeongoza hajamaliza kuuliza "ni neno gani limekugusa?", kijana mmoja dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, akainua simu yake na kutuchezea audio ya WhatsApp. Mhubiri alikuwa anapaza sauti: hii vita ni ya haki, Mungu mwenyewe ameitia muhuri.

Kilichonichekesha, kama kicheko kinafaa hapo, ni kwamba sauti ile haikusema inaongelea upande gani. Na kila aliyekuwa kwenye benchi alidhani ni upande wake.

"Sasa Papa, tufate gani?" kijana akamwuliza mzee. "Yesu anasema geuza shavu. Huyu pasta anasema vita iko ya haki. Na Padri Jumapili alisema Baba Mtakatifu anakataa vita yote. Ile muhuri, ni nani anaipatianaka?"

Mzee alikuna kichwa, akasema tutarudi juu ya jambo hilo. Hatukurudi usiku ule, maana saa za kutembea zilikuwa zinaisha. Mimi nilifundisha dini shuleni miaka mingi, kwa hiyo swali liliniandama hadi nyumbani. Haya ndiyo niliyotaka kumjibu.

Neno lenyewe kwanza

Vitabu vinaandika "vita vya haki", mdomo wa Kivu unasema "vita ya haki". Hilo si tatizo. Tatizo ni neno "haki", ambalo kwa Kiswahili limebeba mizigo mitatu kichwani. Kuna haki ninayodai, kama haki yangu ya shamba ambalo jirani amesogeza mpaka wake. Kuna haki anayotoa hakimu. Na kuna haki ya mwenye haki, yule mtu mwema wa Zaburi. Kwa hiyo ukisema "vita vya haki", mmoja anasikia vita vya kudai haki zetu, wa pili anasikia vita vilivyoruhusiwa na sheria, na wa tatu anasikia vita vya watu wema dhidi ya watu wabaya. Kifaransa nacho hakituokoi, guerre juste inasikika kana kwamba vita vyenyewe ni vyema.

Mafundisho ya Kikristo yanayoitwa hivyo hayasemi la kwanza, yanaligusa la pili, na la tatu yanalikataa kabisa. Yanachouliza ni kimoja tu: je, kuna hali ambayo Mkristo anaweza kushika silaha na asiwe muuaji mbele ya Mungu? Na kama ipo, tutaijuaje?

Chukua boti inayotaka kutoka Minova kwenda Goma. Mkaguzi anasimama bandarini na kuuliza. Mzigo umezidi? Jile za kuokolea zipo, na zinatosha watu wote? Ziwa limetulia? Nahodha ana kibali? Boti ikishindwa swali moja, haiondoki. Hakuna mkaguzi mwenye akili anayesema "mmepata matatu kwa manne, nendeni tu". Wote tunaoishi kando ya Ziwa Kivu tunajua kinachotokea mkaguzi akipewa kitu mfukoni akaangalia pembeni.

Mafundisho ya vita vya haki ni yule mkaguzi. Yule wa audio ni fundi wa rangi anayeandika "Mungu Mbele" kwenye ubavu wa boti. Wote wawili wako bandarini, lakini kazi zao hazifanani hata kidogo.

Wakristo hawakuanza na jibu moja

Watu wengi wanadhani mambo haya yalizaliwa Roma, kwa wazungu wenye kofia. Sehemu kubwa yake ilizaliwa Afrika, upande wa kaskazini, katika nchi ambazo leo ni Tunisia na Algeria.

Tertuliano wa Karthago, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa ya 3, alikataa kabisa. Kwake, siku ile Bwana alipomwambia Petro arudishe upanga alani, alimvua silaha kila askari. Mwaka 295, mjini Theveste, kijana wa miaka 21 aitwaye Maximilianus aliletwa aandikishwe jeshini. Baba yake alikuwa na kazi inayohusiana na jeshi. Akasema hawezi, yeye ni Mkristo. Liwali akamjibu kwamba hata katika walinzi wa watawala wamo Wakristo, na wanatumika. Kijana akasema: wao wanajua linalowafaa, mimi siwezi kutenda uovu. Wakamkata kichwa tarehe 12 Machi.

Jibu la liwali lina uzito. Lilikuwa kweli. Wakristo walikuwa jeshini tayari, wengine wakikataa, wengine wakitumika, na Injili ni ileile. Kwa hiyo anayekuambia "Wakristo wa kwanza wote walikataa vita" amepunguza hadithi, na anayekuambia "Kanisa limeruhusu jeshi tangu zamani" naye amepunguza kutoka upande wa pili.

Karne ya 4 mambo yaligeuka, pale kaisari mwenyewe alipokuwa Mkristo. Swali la zamani lilikuwa: je, mimi mnyonge nijitetee? Sasa likawa: mimi ninayetawala nifanye nini, wavamizi wakija kuchoma kijiji nilichokabidhiwa? Hapo ndipo anaingia Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba.

Augustino alikubali sehemu kubwa ya fundisho la shavu. Hakupenda hata wazo la mtu binafsi kuua ili aokoe maisha yake mwenyewe. Lakini shavu ninaloweza kuligeuza ni langu. La mtoto wa jirani, sina ruhusa ya kuligeuza kwa niaba yake. Upendo kwa yule anayepigwa unaweza kumlazimisha mwenye mamlaka kumzuia anayepiga, na akimzuia, asimchukie. Mwaka 418 hivi alimwandikia Bonifasi, ofisa wa jeshi la Roma huko Afrika, akamwambia kwamba amani ndiyo anayopaswa kuitaka moyoni, vita ni ulazima tu. Mahali pengine aliandika kwamba mtu mwenye hekima analia anapolazimika kuingia hata katika vita vya haki, na asiyelia amepoteza utu.

Hakuandikia haya kwenye kiti cha starehe. Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wake. Bonifasi yuleyule ndiye alikuwa ndani akiulinda. Augustino alikufa tarehe 28 Agosti, mwezi wa tatu wa kuzingirwa, mji ukiwa umejaa wakimbizi. Sisi tuliolala chini ya kitanda mwezi Januari na Februari 2025, Goma na kisha Bukavu zilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, tunaweza kumsoma bila kuhitaji mfasiri.

Maswali ya mkaguzi

Karne nane baadaye Thomas wa Akwino aliyafunga mawazo hayo katika masharti matatu: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema. Wengine wakaongeza. Leo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, namba 2309, inadai kwamba madhara ya mchokozi yawe ya kudumu, mazito na ya hakika. Njia nyingine zote ziwe zimeshindwa. Kuwe na tumaini la kweli la kufaulu. Na silaha zisilete ubaya mkubwa kuliko ule unaotaka kuuondoa. Yote kwa wakati mmoja. Luther naye mwaka 1526 aliandika kitabu kizima juu ya kama askari anaweza kuokoka, na makanisa mengi ya Kiprotestanti yanatembea karibu na njia hiyohiyo, ingawa hayana Katekisimu ya namba.

Sababu ya haki haina utata mkubwa, ndiyo maana kila mtu huanza nayo. Sijawahi kusikia kundi lenye bunduki likitangaza kwamba limekuja kwa sababu mbaya. Kila mmoja analinda kabila lake, mpaka wake, katiba, wakimbizi wake. Nusu ya sababu hizo ni za kweli. Ndiyo maana mkaguzi hasimami hapo.

Mamlaka ndiyo inayotuumiza sisi. Warumi 13 inasema mwenye mamlaka habebi upanga bure, na wahubiri wanaipenda sana sura hiyo. Lakini muulize mtu wa Bukavu mwenye miaka 70: mamlaka ni nani? Ameona waasi wa 1964 wakiushambulia mji. Ameona mamluki wa Schramme wakiushika mwaka 1967. Ameona waasi wa AFDL mwaka 1996, wa RCD mwaka 1998, wanajeshi wa Nkunda na Mutebutsi mwaka 2004, na haya ya 2025. Kila mmoja alikuja na muhuri wake. Mapokeo hayasemi mwenye bunduki leo ndiye mamlaka. Yanasema mamlaka ni yule aliyekabidhiwa wema wa wote na anayeweza kuulizwa. Augustino ana hadithi ya haramia aliyekamatwa na Aleksanda Mkuu. Akaulizwa kwa nini anasumbua bahari. Akajibu: kama wewe unavyosumbua dunia, mimi natumia jahazi dogo naitwa mwizi, wewe una jeshi la majini unaitwa mfalme. Bila haki, anasema Augustino, falme ni nini kama si magenge makubwa ya wanyang'anyi?

Na vijana waliochukua silaha vijijini, wanaojiita Wazalendo? Hapa mtu mwaminifu anakwenda polepole. Kijiji kilichoachwa bila askari hata mmoja kina haki ya kujikinga, hilo wanateolojia wengi hawalikatai. Sheria ya 2023 iliyounda jeshi la akiba iliwapa baadhi yao karatasi. Lakini karatasi ni swali la kwanza tu. Linalofuata ni: asubuhi, nani anatoa amri, na nani atamwadhibu aliyepora mbuzi wa mjane? Kundi lisiloweza kujibu hilo halina mamlaka, hata liwe na wimbo wa taifa mdomoni.

Waasi nao wana mlango wao, mwembamba. Katekisimu, namba 2243, inakubali kwamba watu wanaweza kufikia hatua ya kuupinga utawala kwa silaha, kama haki za msingi zinavunjwa kwa hakika, kwa uzito na kwa muda mrefu, kama kila njia nyingine imekwisha, kama haitaleta vurugu mbaya zaidi, kama kuna tumaini lenye msingi, na kama hakuna suluhisho bora linaloonekana. Mwaka 1967 Papa Paulo VI alionya kwamba uasi wa silaha, isipokuwa mbele ya udhalimu ulio wazi na wa muda mrefu, huzaa dhuluma mpya. Naandika nikiwa Bukavu, kwa hiyo mtanisamehe nisipojaza majina kwenye nafasi hizo. Maswali yako hapo. Kila mtu anaweza kuyapeleka anakotaka, lakini ayapeleke pande zote.

Nia njema watu huiona kama jambo la moyoni, lisilopimika. Mimi naona inapimika vizuri tu. Tazama lori wakati wa kurudi. Aliyekuja kuokoa watu akarudi na madini ya koltani, nia yake imesafiri naye kwenye magunia.

Njia ya mwisho ndiyo sharti linalochosha, kwa sababu linadai kuongea na mtu ambaye hutaki hata kumwona. Mwezi Februari 2025 wajumbe wa maaskofu Wakatoliki na wa Kanisa la Kristo Kongo walikuja Goma kuongea na viongozi wa AFC/M23, katika mpango wao waliouita Mkataba wa Kijamii wa Amani. Walilaumiwa vikali na watu waliosema adui haongelewi. Lawama hiyo mtu anaweza kuielewa, hasa aliyezika. Lakini kwa mafundisho tunayoeleza, anayekataa hata kujaribu maneno amejinyima mwenyewe ruhusa ya kudai kwamba hakuwa na njia nyingine.

"Vita havina macho"

Msemo huu tunaupenda. Bomu likianguka sokoni, tunatikisa kichwa: vita havina macho. Ni faraja ya namna fulani, inaondoa lawama kwa kila mtu.

Mafundisho ya Kikristo yanasema kinyume chake. Vita lazima viwe na macho, na vikiwa vipofu vimekuwa mauaji hata kama vilianza na sababu safi. Hii ni sehemu ya pili ya mafundisho, inayosahauliwa kila mara. Sehemu ya kwanza inauliza kama unaweza kuingia vitani. Ya pili inauliza unafanya nini ukiwa ndani. Mtu anaweza kufaulu ya kwanza akaanguka ya pili vibaya sana.

Macho hayo yanatazama vitu viwili. Kwanza, nani anapigana na nani hapigani. Mwanamke anayechota maji, mgonjwa, mfungwa aliyeinua mikono, mkimbizi ndani ya hema la plastiki: hao hawalengwi, hata adui akijificha karibu nao. Mabomu yaliyoangukia kambi za wakimbizi kando ya Goma, Mei 2024, hayawezi kusafishwa na sababu yoyote, ya mtu yeyote. Pili, kiasi. Huchomi nyumba nzima kwa sababu kuna nyoka darini.

Kwa kipimo hiki, kadogo, yule mtoto aliyevikwa buti kubwa kuliko miguu yake mwaka 1996, ni kosa ambalo hakuna ushindi unaoweza kulirekebisha. Ubakaji wa wanawake ni hivyohivyo. Daktari Denis Mukwege, ambaye baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste hapa Bukavu, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu waliofanyiwa hayo katika hospitali ya Panzi. Ile foleni mbele ya hospitali inajibu audio ya mhubiri kuliko mimi ninavyoweza.

Amri ya mkubwa haimkingi askari. Katekisimu namba 2313 inasema wazi kwamba utii wa upofu hauondoi hatia ya wanaotekeleza maovu ya namna hiyo. Askari anayeambiwa achome kijiji anapaswa kukataa. Najua, ni rahisi kuandika hivyo ukiwa umekaa.

Vita takatifu ni mnyama mwingine

Mwaka 1095, mjini Clermont huko Ufaransa, Papa Urbano II aliwaita mashujaa waende kuikomboa Yerusalemu, akawaahidi ondoleo la adhabu za dhambi. Mwaka 1099 mji ulitekwa na wakazi wake wakachinjwa. Hiyo ndiyo vita takatifu: vita ambavyo kuua kwenyewe kunageuka ibada, na adui hana tena uso wa mtu.

Vita vya haki, tangu kabla ya hapo, vilikuwa na harufu tofauti. Basili Mkuu, askofu wa karne ya 4, alishauri kwamba askari aliyeua vitani akae miaka 3 bila kupokea Komunyo, kwa kuwa mikono yake haiko safi. Na baada ya vita vya Hastings vya 1066, maaskofu wa Normandi waliwawekea askari wao wenyewe, washindi, kitubio cha mwaka 1 kwa kila mtu waliyemuua. Washindi! Fikiria kamanda anarudi na ngoma, halafu askofu anamwuliza: umeua wangapi, tuhesabu miaka. Hapo ndipo unaona kwamba "haki" katika jina hili haikumaanisha "usafi". Hata aliyefanya lililoruhusiwa alihitaji kulia.

Wanaoleta vita vya Yoshua kama ruhusa wakumbuke Daudi. Yeye alipigana vita ambavyo Biblia inavisifu, na bado Mungu alimkatalia kumjengea nyumba kwa sababu amemwaga damu nyingi. Iko katika 1 Nyakati 22:8.

Tukiwa kwenye aya za Biblia, nimalizane na mbili tatu zinazozunguka kwenye simu. "Usiue" katika Kiebrania ni neno linaloelekea kwenye uuaji wa dhuluma, mauaji ya mtu kwa mtu, kwa hiyo peke yake halitoshi kufunga mjadala wala kuufungua. "Auze joho lake anunue upanga", Luka 22, ni aya inayopendwa na wenye bunduki. Wasome mistari miwili mbele. Wanafunzi wanaleta panga mbili, Yesu anasema inatosha. Panga mbili kwa watu kumi na wawili si jeshi, na usiku uleule Petro alipotumia mmoja, Yesu aliliponya sikio la aliyekatwa. "Sikuja kuleta amani bali upanga" inaongelea ugomvi ndani ya familia kwa sababu ya imani.

Je, Papa ameifuta?

Kijana alisema Baba Mtakatifu anakataa vita yote. Amekaribia. Mwaka 1965 Paulo VI alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akasema, vita tena kamwe. Mwaka 2020 Papa Fransisko, katika barua Fratelli Tutti, namba 258, aliandika kwamba leo ni vigumu sana kutumia vigezo vya karne zilizopita kuongelea uwezekano wa "vita vya haki", kwa sababu silaha za sasa zinavunja kila uwiano. Vigumu sana. Hakuandika kwamba nchi iliyovamiwa haina ruhusa ya kujikinga, na namba 2309 bado imo katika Katekisimu. Kilichobadilika ni mzigo wa ushahidi. Zamani anayekataa vita ndiye aliyetakiwa kujieleza, sasa ni anayevitaka. Papa Leo XIV, siku ya kuchaguliwa kwake, 8 Mei 2025, aliongelea amani isiyo na silaha na inayovua silaha. Yeye ni mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Mwenye nyumba amerudi kuangalia msingi.

Pembeni kuna Wakristo ambao hawakuhitaji mapapa wafike hapo. Wamenoni, kutoka karne ya 16, walikataa upanga kabisa, na Kasai kuna Wamenoni wengi. Wakwekari nao tangu karne ya 17. Kuwaita waoga ni kutojua walivyofungwa na kuuawa kwa kukataa huko.

Na uoga, kama ni uoga tunaoongelea, Bukavu ina mfano wake. Mwezi Oktoba 1996 mji ulikuwa unaanguka, viongozi wa serikali na wa jeshi wakikimbia. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alibaki. Alikuwa amepaza sauti dhidi ya vita, dhidi ya kuwaacha wakimbizi, dhidi ya wanaowatumia, na aliwaomba watu wasiuache mji. Hakuwa na bunduki. Jioni ya tarehe 29 Oktoba walimuua pale Nyawera, mahali ambapo leo vijana wa moto wanasubiri wateja na kubishana juu ya mpira. Kanisa letu kuu linaitwa Bikira Maria wa Amani. Kutoka Nyawera ni mwendo wa miguu.

Sasa, kati ya Munzihirwa aliyebaki bila silaha na Bonifasi aliyeulinda mji kwa silaha, ni nani aliyefuata Injili? Mimi binafsi moyo unaniambia wa kwanza, na akili inaniambia kwamba kama kila mtu Hippo angekuwa kama wa kwanza, waliokuwa nyuma ya ukuta wangekuwa na siku chache tu za kuogopa kabla ya mji kuanguka. Sijaweza kuvipatanisha vitu hivyo viwili kwa miaka 30. Kanisa nalo, ukisoma vizuri, limeviacha vyote viwili mezani.

Juma lililofuata

Alhamisi iliyofuata nilikwenda shirika na daftari langu. Niliongea kwa dakika kumi hivi, boti, mkaguzi, na miaka mitatu ya Basili. Kijana wa moto alipenda habari ya haramia. Mzee aliuliza kama naweza kuongea na mhubiri wa audio. Nikasema simjui, na kwamba audio ilikuwa imeshafika Uvira.

Kisha mwenye nyumba, mama wa sambaza, ambaye juma lililopita hakusema kitu, akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye sinia aliyokuwa anachambua. Mtoto wake wa pili alikwenda porini mwaka jana. Hakusema upande gani na hakuna aliyemwuliza. Anapiga simu usiku, mtandao ukikubali. "Mimi siwezi kumwambia hayo yote ya Augustino," alisema. "Simu inakatika haraka. Kuna neno fupi?"

Nilifikiri kidogo. Katika Injili askari walimwuliza swali hilohilo Yohane Mbatizaji: na sisi tufanye nini? Hakuwaambia wakatupe mikuki, na hakuwabariki. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimshitaki mtu kwa uongo, watoshewe na mishahara yao. Nilimsomea. Mtu mmoja kwenye benchi akacheka, "mshahara gani?", kisha akanyamaza.

Mama akaniomba nimwandikie. Nilichana kona ya ukurasa, nikaandika: Luka 3:14. Alifuta mikono, akaifunga ile karatasi kwenye ncha ya kitenge, pamoja na noti za mia tano za siku ile, akavuta tena sinia.